Siku Niliyomwambia Mama Mkwe Kwamba Moto Utakuwa wa Kijani

Nitasema mwenyewe, kwa sababu wengi wenu mmeshausikia upande wa watu wa ufuoni, na huko siku hizi siitwi Omondi, naitwa Kijani, na mgeni akiuliza kwa nini fundi mzima mwenye ndevu anaitwa Kijani kuna watakaocheka na kuna watakaonyamaza, na hao wanaonyamaza ndio wanaonimaliza. Nina aibu. Siyo ile aibu ya kuteleza kwenye matope mbele ya kwaya ya kanisa (hiyo nayo iliwahi kunipata, na niliicheka kabla hata sijainuka), hii ni aibu ya kuamka nayo na kupiga nayo mswaki. Na yote yalianza na nywele.

Mimi ni fundi wa sola. Nilizaliwa Awasi, naishi Migosi kwenye nyumba ya kupanga na mke wangu Atieno, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kupanda juu ya mabati ya watu, kufunga paneli na kushuka na vumbi. Basi chuo kimoja cha ufundi hapa Kisumu kikatangaza mafunzo ya wiki mbili ya haidrojeni ya kijani na mafuta mengine yasiyochimbwa ardhini, wakasema wanafunzi wanne bora watachukuliwa kufanya kazi kwenye kituo cha majaribio kitakachojengwa karibu na ziwa, nikaomba, nikapata, na jioni hiyo hiyo nikawa nimeshawaambia watu wote, kuanzia muuza mboga wa mtaani hadi mama mkwe wangu, kwamba mimi sasa ni injinia wa gesi. Sikuwa injinia wa chochote. Nilikuwa na barua ya kukubaliwa na mdomo.

Mwalimu wetu aliitwa Injinia Nekesa, mama mtulivu kutoka Bungoma, mtu ambaye akikuuliza swali anakungoja mpaka ujibu, hata kama ni dakika nzima na darasa zima linakuangalia. Alitufundisha vizuri, hilo siwezi kumnyima. Alituonyesha mashine inayopitisha umeme wa jua ndani ya maji mpaka maji yanagawanyika, oksijeni huku, haidrojeni kule, na hiyo haidrojeni inaingia mtungini, halafu ukiichoma inarudi kuwa maji tena, hakuna moshi, hakuna masizi. Kwa nini inaitwa ya kijani alieleza siku ya kwanza, kwamba ni kwa sababu umeme unaoitengeneza ni wa jua, hauchafui hewa, wala siyo habari ya rangi. Mimi siku ya kwanza nilikuwa kiti cha nyuma, nikijipiga picha na ile mashine ili nizitume kwa watu waliosoma na mimi shule ya msingi, kwa hiyo hilo neno kijani lilipita juu ya kichwa changu na mimi nikabaki na maana yangu ya kienyeji, kwamba kitu kikiitwa cha kijani basi kina rangi ya kijani. Ukisikia shati la kijani utatafuta nini?

Sasa nywele. Jumatano ya wiki ya pili ilikuwa somo la usalama, asubuhi nzima, na mimi nimeshakaa kwenye masomo mengi ya usalama maishani, nayajua, ni vaa kofia, vaa buti, mkisikia kengele kusanyikeni pale chini ya bendera. Na Ijumaa kulikuwa na wageni na picha ya pamoja. Nikajitazama kwenye kioo cha choo cha chuo nikaona kichwa kimekuwa kichaka, nikasema hapana, picha hii itakaa ukutani mpaka wajukuu waione, nikatia sahihi kwenye rejista, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikaenda kwa kinyozi Kaloleni. Huyo kinyozi hana haraka na maisha. Niliporudi wenzangu walikuwa wanatoka kwenda kula, nikamuuliza mmoja wamefundishwa nini, akasema, "Aah, ni mambo ya moto tu," nami nikaridhika, kwa sababu moto naujua tangu nizaliwe.

Ijumaa ikafika. Wageni walikuwa kikundi cha akina mama wanaokaanga samaki ufuoni, wale wa ngege, yaani sato, na mgongo wazi, ile mifupa ya sangara iliyokwisha kutolewa minofu, watu ambao wamepuliza kuni miaka mpaka macho yamekuwa mekundu, na chuo kilitaka waone jiko lisilo na moshi ili siku kituo kikijengwa wawe wa kwanza kulitumia. Walikuwa kama kumi na tano, wamevaa nguo za kanisani. Injinia Nekesa akasimama mbele yetu akasema, "Hawa mama wengi Kiswahili kinawasumbua kidogo, na mimi Kijaluo sijui. Nani atanitafsiria?" Darasani tulikuwa Wajaluo kumi na kitu. Wengine walinyoosha mikono kwa adabu. Mimi nilisimama, nikatembea mpaka mbele, nikasimama kando yake kama mtu aliyekuwa ameshachaguliwa tangu jana. Alinitazama, akangoja kidogo kama kawaida yake, kisha akasema, "Haya, Omondi. Utasema ninachosema mimi tu."

Nikasema ndiyo.

Ndipo nikageuka na kuwatazama wageni vizuri, na katikati ya mstari wa mbele, kwenye gauni la zambarau la mikono mirefu, alikuwa amesimama mama mkwe wangu. (Atieno alikuwa ameniambia kwamba kikundi cha mamake kina safari ya mafunzo wiki hiyo. Mimi nilidhani ni ya kufuga kuku.) Wale wasiojua kwetu niwaeleze kidogo: mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa umbali. Humkaribii ovyo, humwangalii usoni kwa muda mrefu, na kumshika mkono ni jambo ambalo mtu halifanyi hivi hivi mbele ya watu. Tangu nimuoe Atieno, miaka tisa, sikuwa nimewahi kumgusa yule mama. Aliponiona akainamisha kichwa kidogo, nami nikainamisha changu, na nikaona anamnong'oneza mwenyekiti wao, Mama Rosa, na Mama Rosa akasema kwa sauti ambayo kila mtu alisikia, "Yawa, kumbe injinia ni mkwe wa Min Atieno!" yaani mama yake Atieno. Akina mama wakapiga vigelegele. Hapo kichwa changu kilichonyolewa vizuri kikaacha kufanya kazi.

Kwa sababu sasa nilianza kuona mambo kwa macho ya mkwe. Jiko lilikuwa limewekwa juu ya meza ya chuma uani, jua la saa sita linapiga, mtungi uko mbali kule nyuma na mpira mrefu, na pale kwenye mguu wa meza palikuwa pameegemezwa ufagio wa nyasi, mkuukuu, umechakaa, na ncha zake zimeungua nyeusi. Nikaona aibu. Yaani mama mkwe wangu anakuja kuniona nikiwa injinia na mbele yake kuna ufagio kama wa zizini! Nikauchukua kwa upole nikaenda kuuficha nyuma ya mlango wa stoo. Halafu kulikuwa na kamba ya manjano iliyozungushwa, hatua kama tano kutoka kwenye meza, na akina mama wamesimamishwa nyuma yake kama ng'ombe kwenye mnada, nikaona hiyo nayo haifai, nikaifungua upande mmoja, nikawaambia kwa Kijaluo wasogee, wakae karibu, hapa ni nyumbani. Wakasogea. Injinia Nekesa alikuwa ameinama kule kwenye mtungi akifungua gesi, hakuona.

Alirudi, akawasha jiko kwa kile kiwashio kirefu, likatoa mlio mdogo tu, pu, basi. Kisha akanyoosha mkono wake chini kando ya meza bila kuangalia, kama mtu anayejua kitu alipokiweka, mkono ukashika hewa. Akaangalia chini. Akaangalia upande wa pili.

"Omondi, ufagio uko wapi?"

"Niliutoa, mwalimu. Uko stoo."

Uso wake ulibadilika, lakini mimi nilidhani ni hasira za kuguswa vitu vyake. "Waambie warudi nyuma. Wote. Sasa hivi," akasema, na akaenda haraka kuuleta, hatua labda ishirini kwenda na ishirini kurudi.

Sasa sikilizeni nilivyo mjinga. Niligeuka ili niwaambie warudi nyuma, na kabla sijafungua mdomo Mama Rosa akauliza, "Ere mach?" yaani moto uko wapi, mbona hatuoni kitu, na wengine wakaanza kucheka na kusema labda jiko limekataa, na mmoja akasema wazungu wametuuzia jiko la hewa, na mimi nikaona heshima yangu inamwagika mbele ya mama mkwe, kwa hiyo badala ya kusema nilichotumwa nikajibu swali. Nilijibu kwa sauti kubwa, ya kifundi, mkono mmoja mfukoni. Niliwaambia moto bado haujawaka. Niliwaambia gesi inachukua muda kupanda. Niliwaambia wangoje, ukiwaka wataujua tu, maana moto wake ni wa kijani, kijani kama majani ya mkunde, ndiyo maana inaitwa haidrojeni ya kijani.

Wakasema "Aaa!" kwa pamoja, kama watu walioelimishwa.

Mnajua mtu aliyekaanga samaki miaka thelathini hawezi kuona sufuria imekaa vibaya akaiacha. Juu ya meza, kando ya jiko, kulikuwa na karai la mafuta lililokuwa litumike kwa maonyesho, na Injinia alikuwa hajaliweka motoni bado. Mama akaliona, akaona jiko ambalo mkwe wake amesema halijawaka, na akatoka kwenye mstari kwa lile gauni lake la zambarau akanyoosha mkono wa kulia juu ya jiko ili avute lile karai alisogeze katikati, akisaidia tu, kama anavyofanya kila siku kwake.

Na mimi nilikuwa hatua moja kutoka kwake. Hili ndilo ninalotaka mlijue, kwa sababu hayo mengine ya ujinga watu wameshanisamehe. Wakati huo huo nilikuwa nimeona hewa juu ya jiko ikicheza, ile hewa inayochezacheza juu ya lami ya Kondele mchana, na kitu ndani yangu kikasema hapana, hapa pana joto. Ningemshika mkono. Nilikuwa na nafasi ya kumshika mkono. Na nikafikiria watu. Nikafikiria watasema nini nikimkamata mama mkwe mkono hadharani na kumbe jiko halijawaka. Kwa hiyo nikamgeukia Mama Rosa, kama adabu inavyotaka, nikamwambia, "Mwambie Mama asisogee sana." Nilimtumia salamu mtu aliyekuwa anaungua.

Hakupiga kelele mara moja. Moto ule hauonekani mchana, ndilo somo la Jumatano, na ule ufagio ulikuwa wa kuutafutia, unaupitisha mbele na nyasi zikishika ndipo unajua moto ulipo, tena haurushi joto pembeni kama wa kuni, hauchomi uso wako ukakuonya, kwa hiyo mkono ulikuwa umeshaingia wote kabla mwenyewe hajaelewa. Kilichoonekana kwanza ni ule mkono wa gauni. Kitambaa kilikuwa cha nailoni, kikashika, na hapo ndipo kila mtu alipouona moto, na ulikuwa wa manjano kama moto wowote ule, ukapanda mpaka kwenye kiwiko na nailoni ikayeyuka ikamshika kwenye vidole. Ndipo akapiga ukelele. Bado nausikia.

Mimi nikafanya nini? Nikaona ndoo nyekundu imetundikwa ukutani, nikaichomoa, nikammwagia yote. Ilikuwa ya mchanga. (Hilo nalo lilifundishwa Jumatano, ndoo ipi ya nini na maji yako wapi.) Nilimmwagia mama mkwe wangu mchanga usoni, machoni, mdomoni, kwenye kilemba, mbele ya kikundi chake chote, na mkono bado unawaka. Aliyeuzima ni Injinia Nekesa, alikuja anakimbia, akautupa ufagio chini, akamfunika kwa koti lake, akapiga kelele mtu afunge mtungi, akamburuta mpaka kwenye bomba, akaushikilia ule mkono chini ya maji muda mrefu, huku mama anatema mchanga na analia kwa Kijaluo akiuliza nini kimemchoma, nini kimemchoma, maana alikuwa hajaona kitu.

Mimi nilisimama na ndoo. Mwenzangu mmoja aliniambia baadaye kwamba niliendelea kuishika mpaka gari la wagonjwa lilipoondoka.

Mkono haukukatwa, tunamshukuru Mungu, lakini vidole viwili vilishikana na vile vingine havifungi. Hawezi kushika kisu cha kuparuza magamba. Hawezi kugeuza samaki kwenye mafuta. Atieno aliacha cherehani yake akaenda kukaa ufuoni badala ya mamake, na nyumbani hakuniuliza lolote, na mimi nilichukulia kwamba kutoulizwa ni kusamehewa.

Sasa chuo kikafanya uchunguzi. Wakatuita mmoja mmoja, wakaenda pia kwa Mama, mkono ukiwa bado umefungwa bandeji, wakamuuliza kwa nini alisogea, je, mtafsiri aliwaonya? Na Mama akasema ndiyo. Akasema kijana aliwaambia warudi nyuma, ni yeye tu hakusikia vizuri, masikio yake yamezeeka. Mama Rosa na wengine wakamfuata, hata wenzangu wa darasani waliojua Kijaluo, nani angempinga mwenye mkono wake? Wakaniuliza mimi. Nikasema ni kama alivyosema Mama. Maneno manne, nimeyahesabu mara nyingi. Basi lawama ikaenda kwa Injinia Nekesa, kwamba aliwasha jiko akaliacha, na akaambiwa akae nyumbani asifundishe, na mimi nikapewa cheti, nikapigwa picha nacho, nikiwa nimenyolewa vizuri sana, na nikawekwa kwenye wale wanne.

Nilikaa nalo hilo miezi mitatu. Usingizi uliisha, chakula kikawa majivu, nikawa mkali nyumbani bila sababu. Jumapili moja baada ya kanisa nikaenda kwa Mama peke yangu, nikakaa karibu na mlango, nikamkuta anajaribu kufunga fundo la leso kwa mkono wa kushoto na meno. Nikamwambia yote. Nikamwambia siku ya somo nilikuwa kwa kinyozi. Nikamwambia nilitumwa kuwaambia warudi nyuma na sikusema. Nikamwambia hata ile kijani niliitunga pale pale.

Alimaliza fundo lake kwanza.

"Baba," akasema, "mimi moto nimekaa nayo tangu niolewe. Ile ya kuni, ya makaa, ya pumba, hata ya plastiki ya watoto. Kijani sijawahi ona. Ulivyosema kijani nikajua huyu hajui. Na hiyo hewa ilikuwa inatetemeka, niliona."

Nikamuuliza, sasa Mama, kama uliona, kwa nini?

"Ningekuaibisha mbele ya watu?" akasema. "Umeshasema haijawaka. Nikiogopa, wote watajua mkwe wangu ni muongo. Nikasema pengine mimi ndio sijui, yeye amesoma." Akautazama mkono wake kama unavyoutazama mkono wa mtu mwingine. "Na hata huko kwa uchunguzi, ni hivyo hivyo. Lakini yule mwalimu mama wa watu, hapana. Hiyo imenikalia hapa. Nenda umtoe."

Nilienda Jumatatu. Nilisema mbele ya mkuu wa chuo na Injinia Nekesa akiwa ameketi pale, na alipomaliza kunisikiliza alingoja kama anavyongoja siku zote, safari hii sikujua alikuwa anangoja nini, kisha akasema tu, "Siku ile ungesema." Cheti wakakichukua, nafasi kwenye kituo akapewa mwingine, na mimi nikarudi juu ya mabati. Yeye amerudi kufundisha. Tukikutana mjini hanisalimii, na sina la kulalamika.

Atieno naye nilimwambia, nikalala sofani wiki mbili. Sasa kila alfajiri kabla ya kazi naenda ufuoni kuparuza magamba, nakaa kwenye kigoda kati ya akina mama walionipigia vigelegele, na Mama anakaa pembeni ananionyesha kwa kidevu pale nilipoacha. Wananiita Kijani, naitika.

Na nimeapa, wenzangu, wala sicheki nikisema hili: mtu akiniuliza kitu nisichokijua, hata awe nani, hata akiwa amesimama na watu wote ninaotaka waniheshimu, nitamjibu sijui. Juzi mteja mmoja aliniuliza kama betri yake mpya itadumu, nikamwambia sijui, ngoja niulize. Akanitazama kwa dharau, akaenda kutafuta fundi mwingine. Nikakunja vifaa vyangu nikaondoka. Neno lenyewe ni fupi, halichukui hata pumzi moja, na kama ningelitamka siku ile Mama angekuwa anafunga leso yake kwa mikono miwili.